Ukaguzi wa gari Mbeya: uende wapi, na ujuaje kuwa muda umefika

Tangu nianze kusimamia Hiace za familia zinazokwenda Tukuyu na Kyela, simu zinazonijia zaidi hazihusu nauli wala spea. Ni mtu kanunua IST au Noah yake ya kwanza, imepanda salama kutoka Dar, sasa anauliza: "Hivi gari linakaguliwa wapi hapa Mbeya? Na lini?" Nimeshalijibu hilo kwenye simu mpaka basi. Acha niliandike.

Anza polisi. Hapa kwetu anayesema gari linafaa au halifai kuwa barabarani ni mkaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani. Ngazi ya mkoa unamtafuta kupitia ofisi ya RTO (mkuu wa trafiki wa mkoa), wilayani kupitia ofisi ya DTO (mkuu wa trafiki wa wilaya). Kwa hiyo aliyeko Tukuyu, Kyela, Rujewa au Chunya aanzie hapo hapo alipo, aulize kwanza, kabla hajachoma mafuta kuja mjini. Ndugu zangu wa Vwawa na Tunduma, wapo ambao mpaka leo wanapanda Mbeya kwa mazoea tu, wakati Songwe ni mkoa unaojitegemea tangu 2016 na una RTO wake. Iringa na Njombe mlango ni huo huo.

Ukifika au ukipiga simu, usiulize "mnakagua magari?" Uliza mkaguzi anapatikana siku gani na saa ngapi. Mkaguzi si mtu wa kukaa dirishani akisubiri wateja. Kazi yake ni pamoja na kwenda kuangalia magari yaliyopata ajali, na shule zinapokaribia kufunguliwa huwa na kazi ya kupitia magari ya wanafunzi. Unaweza kuosha gari, ukakodi dereva, ukafika ukaambiwa afande yuko kwenye ajali Inyala tangu alfajiri. Hapo huna wa kumlaumu.

Nje ya ofisi za namna hii hakukosi kijana mwenye bahasha ya kaki anayejua kila kitu. Atakuambia lete kadi tu, gari liache nyumbani, jioni ripoti unayo. Huyo ni kishoka, mpite kama hujamwona. Malipo halali ya serikali yanakuja kwa kontroo namba na unabaki na risiti. Ya kishoka yanaingia mfukoni mwake. Halafu fikiria siku lori limekugonga Mbalizi, bima wanapekua karatasi moja moja, na ripoti yako inasifia gari ambalo mkaguzi hajawahi kuliona.

Watu wanachanganya sana ofisi, na siwalaumu, maana zote zinadai karatasi kwa gari lile lile. TRA ni usajili na kadi. LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ni leseni ya kubeba abiria au mizigo kwa biashara. TIRA wanasimamia mambo ya bima, na kwenye mfumo wao unaweza kuhakiki kama bima uliyouziwa ni ya kweli (fanya hivyo leo, usingoje trafiki akufanyie). TBS ni ubora wa gari la mtumba linapoingia nchini. Hiyo karatasi ya ubora uliyopewa na gari inazungumzia siku lilipokaguliwa. Haijui lolote kuhusu breki zako baada ya mwaka mzima wa miteremko ya Kitonga na Iwambi.

Na ile stika ya duara kwenye kioo cha mbele, yenye maandishi ya Kijapani, namba za miezi zimezunguka na namba moja kubwa katikati? Hiyo ni ya gereji ya huko kwao, inamkumbusha mwenye gari tarehe ya matengenezo yanayofuata. Namba ya katikati ni mwaka kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao, ndiyo maana kwenye gari moja unakuta 30 na kwenye jingine 5: ya kwanza ni 2018, ya pili ni 2023. Japani gari dogo jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Hapa haikuhusu. Ibandue au iache, lakini usije ukaisoma kama tarehe yako, maana nimeshaulizwa na mtu mzima kabisa kama gari lake "linaisha" mwezi wa saba.

Sasa, lini?

Gari la biashara ndilo rahisi. Leseni ya LATRA ina tarehe ya kuisha, na huwezi kuongea habari ya kuihuisha bila gari kukaguliwa. Mimi huwa naiangalia tarehe hiyo, narudi nyuma zaidi ya mwezi, na hapo ndipo napeleka gari. Nafasi hiyo si ya bure: mkaguzi akikuta boljointi (kiungo kinachoshika gurudumu) imelegea na spea sahihi inabidi itoke Dar, una siku za kuisubiri huku gari bado lina leseni hai. Anayekwenda siku mbili kabla ya kuisha anajikuta anafunga spea yoyote iliyopo dukani, au anapaki gari wiki nzima huku konda na dereva wakimtazama.

Gari la kutembelea lina habari nyingine. Zamani kila mwenye gari alikuwa na rodi laisensi kioo cha mbele, na ile tarehe ilimkumbusha angalau mara moja kwa mwaka kwamba gari lina mambo yake. Ilipofutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na tozo kuhamia kwenye mafuta, wengi tulishangilia. Lakini tarehe ya kukumbushana nayo ikaondoka. Siku hizi kinachobaki kwenye kioo ni stika ya Nenda kwa Usalama. Hii ndiyo inayokuja na ukaguzi: polisi hutangaza, magari hupelekwa, linalofaa linabandikwa. Usikariri tarehe ya mwaka jana, sikiliza tangazo la mkoa wako, redio za hapa hulirudia sana.

Kuna nyakati ambazo ukaguzi haungoji tangazo. Umebadilisha injini, umebadilisha rangi, umegeuza gari la mzigo kuwa la abiria: gari lazima lionwe na mkaguzi na kadi irekebishwe TRA, la sivyo siku ya kuuza mnunuzi atasoma namba ya injini kwenye kadi, atafungua boneti, na mazungumzo yataishia hapo. Umepata ajali: ripoti ya mkaguzi ni mojawapo ya karatasi ambazo bima watakudai. Na unanunua gari mkononi mwa mtu: hapo ukaguzi ni wa faida yako mwenyewe. Angalia pia deni la faini kwa namba ya gari kabla hujatoa hela, maana faini za shilingi 30,000 zikilundikana ni wewe utakayesimamishwa nazo.

Trafiki naye ana haki ya kukusimamisha siku yoyote na kulitazama gari. Likiwa bovu kupita kiasi, plate namba inaweza kung'olewa hapo hapo.

Hayo ni ya karatasi. Mimi naamini sisi wa huku juu tuna kalenda nyingine kali zaidi, na hii ndiyo hasa ninayotaka uichukue. Mbeya mjini tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela ni karibu mita 500. Ukishavuka Isyonje kwenye njia ya kwenda Kyela, karibu njia yote ni kushuka. Gari lililokaguliwa likafaulu mwezi wa tatu linaweza kuwa jeneza mwezi wa kumi na mbili, stika ikiwa bado inang'aa. Kwa hiyo nina miezi yangu miwili: Oktoba, kabla mvua hazijaanza na ukungu haujashika milima, na Juni, mvua zikishakwisha, mashimo yameshakula bushi na shokapu, na baridi inaanza kuumbua betri zilizochoka. Miezi hiyo gari linaingia gereji hata kama halilalamiki.

Cha kwanza mafuta ya breki. Watu wanaangalia pedi tu. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu kutoka hewani taratibu, na yakishanyonya maji kiwango cha kuchemka kinashuka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishachoka kwa maji yanaweza kuchemka kwenye 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakichoka. Sasa wewe unashuka na abiria, mguu umekaa kwenye breki dakika nzima, rota zimekuwa nyekundu: mafuta yanachemka, mvuke unaingia kwenye mfumo, pedali inazama mpaka chini kama umekanyaga godoro. Fundi akija kuangalia baadaye gari likiwa limepoa, breki ziko sawa. Ndiyo maana unasikia "breki zilikufa ghafla" halafu gari linakutwa na pedi nzima. Mwambie fundi abadilishe mafuta yote kila baada ya miaka 2, siyo kuongezea tu juu. Na ushuke kwa gia. Dereva wangu akishuka frii, yaani bila gia, ili aokoe mafuta, siku hiyo ndiyo ya mwisho kushika usukani wangu, tumeshaelewana.

Kuna kipimo ambacho huhitaji fundi. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie hivyo hivyo, kisha washa. Pedali inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, busta (kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu ya breki) ina tatizo, usiende popote.

Tairi, usidanganywe na kashata, yaani meno yake. Tairi za mtumba zinakuja na meno marefu kabisa lakini mpira umeshakauka. Inama, tafuta ubavuni maandishi ya DOT (si ile ya mafuta ya breki), mwisho wake kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu: 3416 maana yake wiki ya 34 ya mwaka 2016. Kama unaona upande mmoja namba hazipo, chungulia upande wa ndani, huwa zinaandikwa upande mmoja tu. Tairi iliyofikisha miaka 10 mimi siiweki hata kwenye spea, na kuanzia miaka 5 naikagua kwa kuipinda kidole nikitafuta nyufa. Muuza tairi atakuambia "hii ni Japani original, kaka." Mwambie ndiyo, original ya 2013.

Halafu shimo. Usikubali ukaguzi wa fundi anayezunguka gari akigonga magurudumu kwa teke. Gari liingie kwenye shimo au linyanyuliwe kwa jeki, gurudumu lishikwe juu na chini litikiswe: likicheza, ni beringi au boljointi. Lishikwe kushoto na kulia litikiswe: likicheza, ni tairodi endi, kiungo cha usukani. Simama karibu uone mwenyewe. Fundi mzuri hakasiriki ukisimama karibu; anayekuambia "nenda kanywe chai, bosi, nitakupigia" mimi huwa namwambia chai nimeshakunywa. Tangu uanze ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, vumbi na michepuko ya barabara imefanya hizi boljointi zimalizike mapema kuliko tulivyozoea.

Siku ya mkaguzi mwenyewe, mengi yanayoangusha magari ni ya bei ndogo. Taa moja ya breki imekufa, waipa zinakwaruza, honi haisikiki, mkanda wa kiti cha nyuma umezama chini ya kiti, mtungi wa kuzimia moto umeisha muda, viakisi vya pembetatu viko nyumbani. Vipitie usiku uliotangulia na mtu wa kukusaidia nyuma akiangalia taa. Futa namba ya chesisi na ya injini zisomeke, maana mkaguzi atazilinganisha na kadi, na injini iliyojaa oili na vumbi la Chunya inamchosha kabla hajaanza. Nenda na kadi, bima na leseni yako. Waliosajiliwa LATRA waende na leseni ile inayoisha pia.

Akikuangusha, usibishane uwanjani. Mwombe akuandikie kasoro zote kwenye karatasi, siyo akutajie kwa mdomo, kwa sababu ukifika gereji utakumbuka mbili na ya tatu ndiyo itakayokurudisha. Mpe fundi karatasi yenyewe. Baada ya matengenezo dai spea zote zilizotolewa, uziweke kwenye buti pamoja na risiti za mpya, urudi kwa mkaguzi yule yule aliyeandika. Aliyekwishaona kasoro anajua pa kuangalia, na ile boljointi ya zamani unayomwonyesha mkononi itakupunguzia maswali mengi kuhusu kama kweli imebadilishwa.