Likizo yaisha na mfuko umekauka, tuwafanyie nini watoto?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watatu hapa Mlaleo, Mombasa. Shule zafunguliwa wiki ijayo, pesa zote zimeingia kwa karo na yunifomu, na likizo hii yote ya Agosti sijawatoa watoto hata siku moja. Majirani zangu wawili watatu wako hali hiyo hiyo. Tungependa tufunge likizo pamoja lakini nauli pesa, chakula pesa, tufanyeje? – Mama wa watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukitoka peke yako na wanao utaumia kweli, chipsi zako, soda zako, nauli yako, lakini mkiwa nyumba tatu nne mambo yabadilika kabisa. Leo jioni kaeni barazani na kila mmoja aseme ana nini nyumbani, msianze na nani atoa ngapi, hapo ndipo watu hukimbia. Utakuta huyu ana viazi, yule ana nazi mbili, mwengine ana sufuria kubwa ya shughuli, na asiye na kitu atakalia mbuzi akune nazi, huo ni mchango tosha na asisemwe.

Mimi ningepika viazi karai, vile vya kuchovya kwenye unga na kukaanga, vinashibisha na watoto hawavikatai. Nunueni vile viazi vidogo pale soko la Kongowea, muvichemshe na maganda visilainike sana, mmenye, halafu mkoroge unga wa ngano na wa dengu kidogo, chumvi, manjano, pilipili na ndimu. Unga uwe mzito, ukichovya kiazi ukikiinua ubaki umekigandia, ukiona wachuruzika wote ongeza unga kabla hujaharibu mafuta. Ukwaju uloweke usiku, asubuhi ukamue, nusu tia pilipili iwe ya kuchovea, nusu tia sukari na maji mengi iwe sharubati, hapo soda mmeshaziepuka. Anayejua mkate wa sinia apike mmoja mkubwa, mchele na nazi na iliki, ukatwe vipande.

Pa kwenda nendeni pwani ya Pirates, kuingia ni bure ule ni ufuo wa umma. Mkitimia watu kumi na wanne, gari zima, ongeeni na dereva wa matatu bei ya kwenda na kurudi, msipande mmoja mmoja. Lakini tafadhali angalieni mwezi kabla ya kuchagua siku, hili watu wengi hulisahau halafu wafika wakuta maji yamejaa na mchanga hauonekani wa kutandika hata mkeka. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, maji hujaa sana na kutoka sana, nayo hujaa saa kumi saa kumi na moja jioni, kwa hivyo siku hizo nendeni asubuhi, saa nne yametoka mbali watoto waokota makome na kukimbizana na kaa. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, hapo jioni ndiyo nzuri. Na Agosti bado ni kusi, msimu wa upepo wa kusini, bahari ina nguvu na mwani umejaa ufuoni, basi mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuhesabu vichwa tu, asipike, asishike simu, mubadilishane kila nusu saa. Hilo nakusihi mwanangu.

Chakula kiende na vikapu na sinia, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, na hata hivyo watoto wakila sinia moja hakuna sahani za kununua wala takataka za kuacha.

SWALI: Shangazi, sisi tuko ghorofani Majengo, hakuna uwanja na mwenye nyumba hataki kelele. Twaweza kufanya nini karibu? – Baba wa mapacha

JIBU: Baba, nendeni bustani ya Mama Ngina, pale kando ya bahari. Tangu patengenezwe 2019 pana nafasi nzuri sana ya kukaa, wala hulipi kuingia. Tokeni baada ya alasiri na mkeka, chupa ya chai na mahamri ya nyumbani, mkifika mnunue mihogo ya kukaanga ya wote, ile ya ndimu na pilipili. Meli za bandari ya Kilindini hupita pale karibu mno, kwenye ule mkondo mwembamba, mpaka mtoto aona mabaharia wamesimama juu, wacheni wabishane itakayofuata ni ya makontena au ya mafuta. Kama mna nyanya jirani anayekaa ndani kutwa mchukueni, giza likianza kuingia aseme "paukwa" muone hao mapacha watakavyomsogelea. Bebeni leso za ziada, upepo wa pale ikifika magharibi ni baridi kwa wadogo, na hiyo chai itieni tangawizi.