Kilo nusu ya ziada: ni samadi au bahati?

SWALI: Kihambani kwetu niliwekea samadi mibuni 12, mingine 12 nikaiacha. Yenye samadi imetoa wastani wa kilo 3.4 za kahawa mbivu kwa mti (mkengeuko sanifu, yaani kadiri miti inavyoachana na wastani, ni 0.8), isiyo na samadi kilo 2.9 (mkengeuko 0.6). Je, samadi imefanya kazi? – Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, bado huwezi kusema hivyo. Zidisha kila mkengeuko kwa wenyewe, gawanya kwa 12, jumlisha (0.053 + 0.030), kisha tafuta kipeuo cha pili: 0.289. Hilo ndilo kosa sanifu la tofauti, yaani kadiri tofauti hiyo inavyoweza kuyumba kwa bahati tu. Gawanya tofauti ya wastani, 0.5, kwa 0.289, unapata t (tofauti ikilinganishwa na kosa lake) ya 1.73, na kwa digrii huru 20 (namba inayotokana na ukubwa wa sampuli na mikengeuko yake) jedwali la t linadai angalau 2.09 ndipo tuseme si bahati. Haijafika. Kwa uhakika wa asilimia 95, tofauti halisi iko kati ya -0.1 na kilo 1.1. Kwa hiyo usiitupe samadi! Huenda inaongeza hata kilo nzima, ila sampuli ni ndogo. Kupunguza upana huo kwa nusu kunahitaji mibuni 48 kila upande, si 24.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni mahali ilipo miti hiyo. Kama yenye samadi yote iko kandokando ya mfereji, umepima maji pamoja na samadi, na hakuna fomula itakayoyatenganisha. Msimu ujao andika namba za miti kwenye vikaratasi, changanya, uokote bila kuchagua. Ukiipanga kwa jozi za miti jirani, achana na hesabu ya hapo juu: tafuta kwanza tofauti ya kila jozi, kisha wastani na mkengeuko wa tofauti hizo.