Washington na watu wa Mount Vernon

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliwaacha huru watumwa wake kwa wosia. Mbona nasikia pia kwamba wengi wa shamba lake walibaki utumwani?

JIBU: Yote mawili ni kweli, ndugu msomaji. Washington alipofariki Desemba 14, 1799, Mount Vernon, shamba lake kando ya Mto Potomac huko Virginia, lilikuwa na watumwa 317. Waliokuwa mali yake ni 123 tu. Wengi wa waliobaki, 153, walikuwa wa mirathi ya Daniel Parke Custis, mume wa kwanza wa Martha, mkewe Washington, na kisheria si Washington wala Martha aliyeweza kuwaacha huru. Waligawanywa kwa wajukuu wa Martha.

Sasa fikiria: watu wa makundi haya mawili walikuwa wameoana na kuzaa. Mume akapata uhuru, mke na watoto wakapelekwa kwa mrithi. Hili linaniumiza kila ninaposoma habari za shamba lile.

William Lee, mtumishi wa Washington vitani, aliachwa huru mara moja na kupewa dola 30 kwa mwaka. Wenzake waliokuwa mali ya Washington, Martha aliwaacha huru Januari 1, 1801.

Mtumwa mmoja, mwanamke aliyeitwa Ona Judge, hakungoja. Mwaka 1796 alitoroka kutoka nyumba ya rais Philadelphia hadi New Hampshire. Alifanya vyema, kwani alikuwa wa mirathi ya Custis. Wosia ule usingemgusa.