Ukitaka Sholay ikulize tena

Umeirudia Sholay, ile filamu ya Kihindi ya 1975, na safari hii imekupita hivi hivi? Kabla hujajisingizia uzee, kagua nakala. India ilikuwa kwenye hali ya hatari, na wadhibiti wa filamu wakamkatalia mwongozaji Ramesh Sippy mwisho aliokwisha kuupiga, Thakur, polisi wa zamani, akimmaliza jambazi Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Ndipo wakatokea wale polisi wa kumzuia. Nakala yenye mwisho wa awali huchukua kama dakika 204. Yako ikiwa fupi kuliko hapo, yumkini ni ile ya polisi.

Iliyotafsiriwa na dijei waachie wanaoiona mara ya kwanza. Inachekesha kweli, lakini maneno yake huangukia palepale penye uchungu: Jai, mmoja wa wahalifu wawili waliokodiwa na Thakur, anapuliza hamonika, Radha, mkwe mjane wa Thakur, anazima taa za barazani moja moja, na hakuna anayemsemesha mwenzake. Chukua ya Kihindi yenye maandishi chini. Ongeza sauti hadi usikie bembea ikilia peke yake pale familia ya Thakur inapouawa.

Kwenye televisheni, zima kile kipengele cha kulainisha mwendo. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde; runinga ikijazia za kwake, Gabbar anageuka mtu wa tamthilia ya mchana. Wala usivute picha ijaze kioo, utakata majabali ya Ramanagara pande zote mbili.

Anza saa 2 usiku. Ukipumzika robo saa katikati utamaliza saa 5 na dakika 40. Ukianza saa 4, kifo cha Jai kitakukuta unasinzia. Nyimbo usiziruke, hasa ya Holi, maana uvamizi unakuja watu wangali na rangi usoni.

Gabbar tumeshamkariri, mwache. Safari hii mfuate Thakur na shali yake. Kwenye uvamizi huo bunduki iko miguuni pake na haiokoti. Mara ya kwanza sote tulimchukia kwa hilo, hatujajua kwamba shali inaficha mikono iliyokatwa.

Halafu sarafu ya Jai. Kwenye treni inarushwa kuamua kama wampeleke Thakur aliyejeruhiwa hospitali au watoroke. Mwishoni inarushwa kuamua nani abaki na risasi zilizosalia. Veeru, rafiki yake Jai, hajui kwamba pande zote ni kichwa mpaka aishike mwenyewe, mwenzake ameshakata roho. Wewe unajua tangu kwenye treni.