Kisotho kwa sikio la Mswahili

Miezi mitatu ya mwanzo Maseru, mji mkuu wa Lesotho, niliipoteza kwa kitabu cha Kisotho kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kila ngeli ilipewa sura yake na maelezo marefu, nami nikawa nakariri orodha usiku, asubuhi zimeyeyuka. Ndugu yangu unayeanza, usipite njia hiyo. Ingia kwa mlango wa Kiswahili.

Mimi mlango huo nilifunguliwa jikoni. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshasonga papa (kule papa ni ugali, si samaki), moroho wa kulia, yaani mboga za majani, uko pembeni, akaniita: "Tloo, re je." Njoo, tule. Nikasimama na sahani mkononi nikirudia: re-je, tu-le. Nafsi mbele, e mwishoni, mpango uleule. Usiku huo nikachukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa: Kiswahili huku, Kisotho kule.

Ukurasa ulijaa upesi. T yetu mara nyingi kwao ni r: tuma ni roma, watu watatu ni batho ba bararo. P hugeuka f: pita ni feta, kupa ni ho fa. K hulegea ikawa h: nyoka ni noha. Nyumbani ni ntlong, na shuleni ni sekolong, kwa hiyo -ni yetu ndiyo -ng yao. Sipendi ni ha ke rate. Tazama ile ha ya kukanusha, na irabu ya mwisho inavyobadilika kama kwetu. Hata Thaba-Bosiu, ngome ya Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, ni Mlima wa Usiku. Bosiu na usiku ni neno moja lililoachana njiani.

Ila usibahatishe kila kitu. Mali kwao ni damu. Pesa ni chelete.

Maandishi nayo yanahitaji subira. Wamisionari wa Kifaransa waliofika mwaka 1833 ndio walioweka misingi yake, na mpaka leo Lesotho huandika lumela lakini hutamka dumela, kwa kuwa l ikifuatwa na i au u husomwa d. Afrika Kusini huandika d waziwazi. Shika tahajia moja kwanza. Halafu angalia h: ph si f, ni p yenye pumzi, na th si ya thamani. Weka kiganja mbele ya mdomo useme phela, kuishi. Upepo usipogusa kiganja, rudia. Motho husikika karibu na "mutu", maana o nyingi za kule zinaegemea u. Ndiyo maana nchi hiyo ya Basotho Waingereza waliiita Basutoland, jina lililodumu hadi uhuru wa 1966.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni q. Nilianza kwa kusonya, na sivyo. Msonyo uko kwenye meno. Q unabandika ulimi kwenye paa la kinywa kisha unauachia kwa nguvu, usikike kama kizibo kinachong'oka. Jizoeze kwa qala, kuanza, na kwa jina la mji wa Quthing. Mimi nilifanya hivyo kila asubuhi nikienda kazini kwa miguu, wiki mbili mfululizo.

Salamu usiziruke kamwe. Mwanamume mtu mzima ni ntate, mwanamke ni 'm'e. Watakuuliza "Le kae?", mko wapi, nawe ujibu "Re teng", tupo. Wingi huo ni heshima, hata kama uko peke yako. Na ukizidiwa, sema: "Ke kopa u bue butle," naomba uongee polepole. Niliwaambia hivyo kina 'm'e wauza mboga, na hakuna aliyenikasirikia. Walianza upya, taratibu, wakiinua kitu kimoja kimoja mbele ya macho yangu: tapole (kiazi), lehe (yai), lehapu (tikiti maji).