Ami, gemu zimejaa kadi na hata moja sijaona mwisho wake

Wiki hii barua zimekuja nyingi za gemu za mkononi, sijui ni likizo ama ni nini, basi nimeokota nne. Hii ya kwanza nimeijibu ndefu manake naona ndo ugonjwa wa wengi.

Assalaam aleikum Ami. Mimi naendesha tuktuk hapa Malindi na nikiwa steji nangoja abiria huwa nacheza PSP yangu, niliinunua mkono wa pili ikaja na memori kadi imejaa gemu mpaka haina nafasi. God of War iko, GTA iko, Tekken, PES, zingine hata sijui ni za nini manake zimeandikwa Kijapani. Shida yangu leo naanza hii kesho naanza ile na hata moja sijawahi kuimaliza, wenzangu steji wanicheka eti mimi ni fundi wa kuanza. Na nikikwama naona haya kuangalia YouTube, naona ni kama kuiba. Nifanyeje? – Dereva, Malindi

Aleikum salaam yakhe. Kwanza PES itoe kwenye hesabu. PES ni gemu ya mpira, haimalizwi, ni kama mpira wa jioni pale ufuoni, watu wakichoka kila mtu anaenda kwao. Tekken nayo, ile ya kupigana, ukimpeleka mchezaji mmoja mpaka kwa bosi, yule adui wa mwisho, ukaona kifilamu chake, umemaliza, usijipe kazi ya kuwapitisha wote na hata huwapendi. Kwa hivyo deni lako si kubwa vile unavyolia.

Sasa kwa zilizobaki chagua moja tu, na uchague fupi. GTA iache kwanza, ile ni bahari. Kama hiyo God of War uliyonayo ni Chains of Olympus, ile ya 2008, anza nayo, wengi wanaimaliza kwa saa sita hivi. Na saa sita wewe unazo hapo steji, ila unazo vipande vipande, umeshika gemu dakika kumi abiria huyu hapa ataka Casuarina, ukirudi umepoteza hamu unafungua nyingine. Si ndo hivyo? Hapo naona shida si uvivu, shida unazima. Usizime bwana! Ile swichi ya upande wa kulia ukiisukuma juu mara moja ukaiachia, PSP inalala tu, Kratos, yule shujaa wa God of War, anabaki pale pale na mavisu yake hewani, ukirudi unaisukuma tena anaendelea kushuka nayo kichwani kwa mtu. Ukiishikilia sekunde kadhaa ndo inazima kabisa na hapo imekula kwako. Na ukiisukuma chini ni kufunga vitufe visijibonyeze mfukoni.

Wallahi mi naamini mtu mzima mwenye kazi na familia akimaliza gemu ya mkononi si kwa ujanja wa vidole, ni kwa sababu ya huko kulala. DS ya Nintendo unaifunga tu kama kitabu, Switch yao kitufe kimoja, umemaliza. Gemu ya TV inataka ukae, sebule iwe yako, stima iwepo na watoto wasitake katuni, mpaka hayo yote yakutane ni lini?

Ila kulala si kusevu, tusikilizane hapo. Betri ikiisha ama ukiichomoa, kila kitu kimekwenda, kwa hivyo ukipita kwenye ule mwanga wa kusevu simama usevu hata kama abiria anapiga kelele. Na kadi ikiwa imejaa hivyo hata kusevu itakataa, futa hizo za Kijapani usizozijua, unazihifadhia nani?

Halafu kuna kitu nataka ukione kwenye hiyo Chains of Olympus, sitakuharibia yote. Gemu nzima kitufe cha duara unakitumia kushika watu na kuwararua, vidole vimezoea. Sasa kuelekea mwisho kuna pahali Kratos amekumbatiwa na mtoto wake mwenyewe, na gemu inakwambia bonyeza duara haraka haraka, na ile kubonyeza ndo kumsukuma mtoto atoke. Hutaki kubonyeza. Na usipobonyeza hakuna kinachoendelea. Mi niliiweka chini nikaenda kunywa maji. Wanaoruka ruka gemu kila siku hawafiki hapo, na kwangu hiyo sehemu peke yake inashinda mapigano yote ya nyuma.

Haya, YouTube. Kuna Link's Awakening, gemu ya 1993 ya Game Boy, ile mashine ya mkononi ya zamani ya Nintendo (Nintendo waliirudia upya kwa Switch 2019), na sisi watu wa Lamu tungeipenda bila kuambiwa manake inaanza kijana chombo chake kimevunjwa na dhoruba, anaamka kwenye kisiwa asichokijua. Ndani ya hicho kisiwa waliotengeneza gemu wameweka vibanda vya simu, ukipotea unaingia unapiga, anapokea mzee mmoja anaitwa Ulrira anakwambia ujaribu wapi. Na ukimwendea nyumbani kwake uso kwa uso anaona haya hasemi kitu, kwenye simu ndo anafunguka! Sasa kama wenye gemu wenyewe walikuwekea mzee wa kuuliza, wewe haya za nini? Uliza. Mimi nina desturi moja tu, najaribu mpaka nianze kuudhika, nikiudhika naangalia hapo nilipokwama tu kisha nafunga, siangalii mbele.

Unataka kujua wizi wa kwenye gemu ni upi? Kwenye hiyo hiyo kuna duka, mwenye duka anakufuata kwa macho, ukimzunguka akageukia kwengine unaweza kutoka na mali bila kulipa. Unaweza kweli, hakuna wa kukuzuia. Lakini kuanzia hapo jina lako linabadilishwa, kisiwa kizima kila mtu anakuita mwizi mpaka gemu iishe, na siku ukithubutu kurudi dukani mwenyewe anakuua. Sasa hiyo na kuangalia video zinafanana wapi.

Ami, mwanangu ana miaka 11 na ana Switch aliyoletewa na mjomba wake. Nikimwambia zima uende madrasa anasema "mama siwezi, niko kwa bosi, nikizima nimepoteza yote". Ni kweli ama ananichezea shere? – Mama, Langoni, Lamu

Anakuchezea shere, Bi. Sisi wa zamani ndo tulikuwa na haki ya kulia hivyo, Super Mario Land ya 1989 ilikuwa na hatua 12 na hakuna kusevu kabisa, ukizima unarudi mwanzo, na mama zetu walikuwa hawataki kujua. Yake ina kitufe cha kuwasha juu upande wa kushoto, akikibonyeza mara moja inalala na huyo bosi anamngoja mpaka atoke madrasa. Aifanye mbele yako leo, halafu umuangalie uso.

Pahali pamoja tu ana ukweli, kama anacheza na watu wengine kwa intaneti. Hio haisimami, akilala anakatwa na mechi imekwenda, kwa hivyo hapo mwambie mapema, "mwanangu hii iwe ya mwisho", usimnyang'anye katikati. Na Nintendo wana app ya wazazi ya bure, unaiweka kwa simu yako unapanga kwa siku acheze muda gani. Mjomba mtu ndo akusaidie kuiweka, si ndo aliyeleta.

Betri ya gemu yangu, sio ile iliyokuja nayo, ni ya kununua bei rahisi, imevimba mpaka kifuniko cha nyuma hakifungi. Lakini chaji bado inashika. Nibandike selotepu? – Kijana, Shela

La! La kabisa. Betri ya lithiamu ikivimba ndani mna gesi, usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiiache juani, na tafadhali usiitupe jaani pale watu wanapochoma taka. Itoe taratibu, iweke mbali na vitu vya kushika moto, kisha umpelekee fundi wa simu anayepokea za zamani. Utabaki bila gemu siku kadhaa, hutakufa.

Na kwa vile uko Shela nikuongezee, hapa kwetu kinachoua gemu ni chumvi ya hewani na mchanga kuliko uzee. Usiicheze ufuoni na mikono ya mafuta ya viazi karai halafu ushangae vitufe vinanata. Ihifadhi kwenye kopo la mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Kaseti za gemu zikikataa kusoma usizipulize kwa mdomo, sote tumefanya lakini unatia mate na unyevu, vile vyuma vinaota kutu. Pamba ya masikio na spiriti kidogo, sugua, acha ikauke. Thina usiguse, inakula plastiki.

Ami eti Tetris ina mwisho? Tumebishana baraza nzima. – Sisi wa Mkomani

Hiyo gemu ya kupanga matofali yanayoshuka, inategemea mnabishania ipi. Ya Game Boy ina aina mbili. Aina A unacheza mpaka matofali yakuzidi, hapo mwisho ni wewe. Aina B inataka mistari 25 tu, ukiifikisha umemaliza, na ukianza leveli 9 wanatokea wanamuziki na wacheza ngoma wa Kirusi kukupongeza, ukiongeza na urefu 5 (yaani matofali yaliyojazwa tangu mwanzo) unaona na chombo cha angani kikiruka. Ile ya NES, mashine ya TV ya zamani ya Nintendo, watu waliamini kwa miaka na miaka kwamba binadamu hawezi kuifikisha pahali, mpaka Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, akaicheza mpaka leveli 157 gemu yenyewe ikaganda. Kwa hivyo waliosema ina mwisho wameshinda, na waliosema haina walikuwa wanajitetea tu. Kama kuna anayetaka kujaribu B leveli 9 aanze kwanza na 5, urefu aache sifuri.