Kabla hujaiamini ripoti ya tovuti, fuata oda moja hadi mwisho

Swali ninaloletewa mara nyingi na wenye maduka ya mtandaoni ni hili: pesa zilizoingia kwenye simu hazilingani na mauzo yanayoonekana Google Analytics, sasa tuamini lipi? Wakifika kwangu huwa wameshahangaika vya kutosha kubadilisha tarehe na kulinganisha wiki hii na iliyopita. Nawaambia waachane na grafu kwanza. Chukua oda moja unayoijua kwa namba yake, uifuate kuanzia mteja alipobofya hadi ilipoandikwa kwenye data. Grafu hujumlisha yaliyo sahihi na yaliyoharibika kwa pamoja, hivyo haiwezi kukuonyesha kosa lilipo.

Tangu Universal Analytics, toleo la zamani la Google Analytics, ilipoacha kupokea data mpya Julai 2023, tunatumia GA4, na humo kila kitu ni tukio: kufungua ukurasa, kushuka chini, kuweka bidhaa kikapuni, kununua. Kila tukio lina jina na vigezo vyake, na herufi kubwa na ndogo zinatofautishwa. Ukiandika Purchase badala ya purchase, umeunda tukio jingine kabisa, na ripoti za mauzo hazitalihesabu.

Anzia kwenye kivinjari. Fungua duka kwenye Chrome, bonyeza F12, nenda Network, andika collect kwenye kichujio, kisha nunua kitu kama anavyonunua mteja. Utaona maombi yanavyotoka kwenda Google. Bofya moja ulisome: en ni jina la tukio, tid ni kitambulisho cha tovuti yako kwenye GA4, kinachoanza na G-, dl ni anwani ya ukurasa, cu ni sarafu. Matukio yakifungwa kadhaa ndani ya ombi moja, majina yake utayakuta kwenye Payload. Ukiona tukio lilelile limetoka mara mbili kwa kitambulisho kimoja, kagua kama lebo, yaani kipande cha msimbo kinachotuma matukio Google, imewekwa kwenye msimbo wa tovuti na tena ndani ya Tag Manager, zana ya Google ya kusimamia lebo. Hilo nalikuta mara kwa mara, hasa pale fundi wa kwanza alipoondoka na wa pili akaja na utaratibu wake.

Kisha tazama bei. Kwetu tumezoea kuandika 45,000/= na kila mtu anaelewa. Google haielewi. Kigezo cha namba husafiri kikiwa na epn mbele yake, na cha maandishi kikiwa na ep. Ukikuta ep.value na ile alama ya shilingi mwishoni, basi mauzo yako yamefika kama maneno, na mapato hayatajumlishwa. Mwambie fundi atume 45000 tupu, na TZS au KES iende kwenye kigezo chake cha sarafu.

Linalotuumiza zaidi Afrika Mashariki ni malipo ya simu. Maelekezo mengi ya GA4 yanachukulia kwamba mteja analipa kwa kadi kisha anarudishwa kwenye ukurasa wa shukrani, na tukio la purchase linawaka hapo. Sasa mtazame mteja wetu. Anabofya Lipa, ombi la M-Pesa linamtokea kwenye simu, anaweka namba ya siri, meseji ya uthibitisho inaingia. Kwake biashara imekwisha. Anafunga kivinjari, na ukurasa wa Asante haufunguki kamwe. Pesa ipo, tukio halipo. Wa pili anausubiri ukurasa huo, kisha anaufungua tena jioni kuangalia namba ya oda, na tukio linawaka mara ya pili.

Kwa hiyo tukio la mauzo litoke kwenye seva yako, pale uthibitisho wa malipo unapopokelewa, kwa njia ya Measurement Protocol, utaratibu wa Google wa kupokea matukio moja kwa moja kutoka kwenye seva. Mteja anapobofya Lipa, hifadhi client_id (kitambulisho cha kivinjari chake) na session_id (cha ziara hiyo) pamoja na oda, ili mauzo yaungane na safari yake na yasionekane kama ya mgeni asiyejulikana alikotoka. Lebo ya purchase kwenye ukurasa wa Asante uiondoe. Namba ya oda iwe transaction_id, kwa sababu hiyo ndiyo GA4 hutumia kutambua marudio. Usiiache tupu: manunuzi yote yenye transaction_id tupu yatahesabiwa kama muamala mmoja. Halafu, seva ya Google hujibu kwamba imepokea hata pale ulichotuma kilipoharibika, hivyo jibu hilo lisikutulize. Jaribu kwanza kwenye anwani yao ya uhakiki, /debug/mp/collect, ambayo hukueleza kosa.

Wakati wa majaribio tumia DebugView, sehemu ya GA4 inayoonyesha matukio ya majaribio yanapoingia, si ripoti za kawaida. Ripoti hizo huweza kuchukua saa 24 hadi 48 kukamilika, na nimeona watu wakirekebisha kitu kilichokuwa sahihi kwa sababu tu hawakusubiri.

Ukitaka kuchimba zaidi, unganisha GA4 na BigQuery, ghala la data la Google, leo. Data huanza kuingia siku ya kuunganisha. Ya nyuma hailetwi. Ukitumia sehemu yake ya bure iitwayo sandbox, jedwali hufutwa baada ya siku 60, hivyo panga mapema. Humo chagua user_pseudo_id (kitambulisho kisicho na jina) ya mtu mmoja, panga matukio yake kwa event_timestamp, yaani wakati wa tukio, uyasome kama unavyosoma mazungumzo. Matukio yaliyotumwa pamoja huwa na wakati uleule. Mpangilio wake uutafute kwenye batch_event_index.

Angalia saa pia. event_timestamp ni ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, lakini event_date hufuata saa uliyoiweka kwenye akaunti. Oda iliyolipwa saa nane usiku wa kuamkia Jumatano, kwa saa za Dar es Salaam, kwenye UTC bado ni ya Jumanne. Na kama akaunti imewekwa saa za Los Angeles, Jumanne yao inaendelea hadi saa nne au tano asubuhi yetu. Tofauti nyingi za "mauzo ya jana" huishia hapo.

Ukiwa bado kwenye Network, soma dl hadi mwisho wake. Kuna tovuti zinazobandika namba ya simu ya mteja kwenye anwani ya ukurasa wa malipo, nayo inasafiri hivyohivyo hadi Google. Hili linanikera kuliko hesabu zote zisizolingana, maana mteja alitoa namba ili alipe, basi. Google yenyewe inakataza, na Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya 2022. Ukiikuta, iondoe kabla hujagusa kingine chochote: weka namba ya oda mahali pake, na kwenye mipangilio ya GA4 washa ufutaji wa vigezo vya anwani, ukitaja kigezo hicho kwa jina lake.